Hadithi ya msitu uliokatazwa: jini aonekane au nimfiche?

mld_usiku
Asalaam aleykum jamani. Niko Malindi hapa, naandikia wapwa zangu hadithi, mmoja ana miaka 7 mwengine 10, wanapenda sana mambo ya kutisha mchana lakini usiku ndo hao hao hawataki kwenda choo peke yao. Ni msichana anaitwa Rukia, bibiake kamkataza asiingie msitu ulio nyuma ya magofu, yeye akaingia anafuata mbuzi wake, mle ndani akakuta mji mzima wa mawe, watu hakuna ila taa zinawaka. Mpaka hapo walikuwa kimyaaa. Shida ni sura ya 4 nilipomtoa jini, kwato za punda, macho mekundu, urefu wa mnazi. Mkubwa akacheka, "mjomba huyu si katuni?" Mdogo akaniuliza anakula nini. Nimekwama, nimtishe zaidi au nifanyeje?

bintishela
Waaleykum salaam. Mtoe kabisa huyo jini. Bibi yangu Lamu alikuwa akianza na paukwa, sisi pakawa, koroboi iko pembeni, na miaka yote ile sikumbuki hata siku moja alituambia jini yuwafanana vipi. Akifika pale ananyamaza, ajimiminie kahawa pole pole, huku ukucha wa kidole unakwaruza chini ya sinia, krr, krr, wala haangalii mtu. Sisi tumejikunyata chini ya leso moja watoto watano. Mpaka yeo nikisikia sinia likikwaruzwa nywele zanisimama, na mimi ni mtu mzima nina watoto.

kijana_wa_msabaha
Huyo mji wa mawe si Gede jamani, yale magofu ya mji wa kale hapa karibu na Malindi 😂 Basi tumia vitu vya huku huku, huna haja ya kwato. Arabuko-Sokoke ni msitu wa kilomita za mraba kama 420 na usiku una sauti zake. Kuna komba, akilia utaapa ni mtoto mchanga ametupwa juu ya mti. Kuna bundi wa Sokoke, kadude ka sentimita 16 hivi, kanaita tonk tonk tonk bila kuchoka na hukaoni ng'o. Mimi lakini ninayempenda ni sengi, kanyama ka pua ndefu, yule mwenye matako ya rangi ya dhahabu, ukubwa wa sungura mdogo, akishtuka anapiga mkia kwenye majani makavu pa! pa! pa! halafu anatimua mbio, unasikia majani tu yanavurugika na huoni kitu. Mara ya kwanza kusikia nilikuwa naokota kuni na nduguyangu, kuni tuliziacha huko huko.
Na nyumba za Gede zenyewe zimepewa majina ya vitu vilivyopatikana ndani walipochimba kuanzia 1948, kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sarafu ya Kichina, Nyumba ya Kauri. Mwache Rukia aokote kitu.

mamake_wawili
Mimi sikubaliani na nyinyi. Jini aliyefichwa mtoto wa miaka 7 atamtengeneza mwenyewe kichwani, na atakuja kulala kitandani kwangu, si kwako mjomba. Angalau yule wa kwato akichekwa amekwisha. Ukimficha basi hakikisha mbuzi anarudi nyumbani mzima.

mgiriama_halisi
Na mbona bibi alikataza? Hapo ndo hadithi iko. Sisi kwenye kaya zetu, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda (baadhi zimeingizwa urithi wa dunia 2008), huendi ukaingia tu, unaomba wazee, mti hukati, na kilicho ndani hutoki nacho. Sio kwamba msitu ni mbaya, ni kwamba una wenyewe na kuna kitu kimezikwa mle cha kulinda watu. Kwa hiyo akiokota huo mkasi asifukuzwe na mtu. Afike nyumbani salama, alale, afu sauti ya msituni ianze kusikika uani.

mld_usiku
Aisee. Jana nimeisoma upya, jini nje, mkasi ndani. Rukia ameuficha chini ya mto, bibi hajui, nyumba nzima imelala, nikanyamaza kama bibi yake bintishela, afu nikapiga ukuta kwa kiganja, pa, pa, pa. Mkubwa hakucheka, aliinuka akafunga dirisha mwenyewe na joto hili lote la Malindi. Mbuzi amerudi mzima, mamake_wawili usijali. Mdogo bado anauliza anakula nini.