Gitaa nililochongesha Dar limefika Dodoma na kasoro, na fundi anadai salio. Nifanyeje?

Solo wa Nkuhungu

Wakuu habari za jioni. Wa nyumbani, mbukwenyi.

Naombeni ushauri kabla sijafanya jambo la hasira. Napiga solo kwenye kwaya hapa Dodoma, huu mwaka wa kumi. Muda wote nimetumia gitaa la kanisa, lile ambalo kila mtu analigusa na hakuna anayelifuta jasho. Mwaka huu nikasema natafuta langu, tena la mbao za kwetu: bodi ya mninga, ubao wa vidole wa mpingo, pikapu mbili za kunasa sauti, daraja la kushikia nyuzi la kawaida lisilo na mkono wa kutikisa. Nikampata fundi wa Dar mtandaoni, picha za kazi zake safi. Tukakubaliana 850,000, nikatanguliza 600,000 kwa simu mara tatu. Akaniahidi wiki sita. Limechukua miezi mitano. Mara umeme, mara msiba, mara daraja nililochagua limekwama bandarini.

Limefika kwa basi wiki tatu zilizopita. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu chumbani, zuri haswa. Sasa sicheki.

Ncha za freti, vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo kugawa noti, zimechomoza pembeni. Mkono ukiteleza ni kama umeupitisha kwenye msumeno, na naapa siku ya kwanza hazikuwepo. Nyuzi zinakoroma kwenye freti za mwanzo. Halafu hili ndilo linaloniua: nikityuni nyuzi zikiwa wazi, sawa kabisa, lakini nikipanda freti ya 12 kila noti iko chini. Jumapili iliyopita mwalimu wa kwaya alinigeukia katikati ya pambio. Na lina uzito, ibada ikiisha bega limekufa.

Fundi anasema gitaa la mkono halifanani na la kiwandani, nitalizoea. Anataka 250,000 zake kabla ya Ijumaa. Bei halisi mama watoto haijui, hilo tuliache.

Nimdai pesa yote? Nimzungushe? Au nilipeleke kwa fundi wa hapa hapa?

Yule wa Kariakoo

Laki nane na nusu? Kariakoo ungepata jipya na begi lake, ukabaki na chenji ya kuku pale Chako ni Chako. Pole lakini.

Solo wa Nkuhungu

Asante kwa pole.

Randa na Patasi

Mkuu, mimi ni seremala, niko hapa mjini. Sijawahi kuchonga gitaa ila mbao nazijua.

Hizo ncha za freti usimlaumu haraka. Pwani hewa ina unyevu mwaka mzima. Huku mvua ikikatika Aprili ndiyo imetoka mpaka Novemba, Desemba huko, na upepo huu wa Julai na Agosti unapasua midomo, sembuse ubao. Mbao ikikauka husinyaa kwa upana, urefu wake haubadiliki cha maana. Freti ni chuma, yenyewe haisinyai. Shingo ikipungua hata nusu milimita, chuma kinabaki nje. Nimeona milango iliyotoka Dar ikifungwa hapa mwezi wa tatu, ikifika wa tisa unapitisha kidole kwenye pengo.

Kosa lake dogo ni kwamba mbao ya ala inatakiwa ikaushwe mpaka ibaki na unyevu wa asilimia 6 hadi 8. Ya stoo ya pwani iliyokaushwa kwa hewa tu haifiki huko. Alipaswa kukuuliza litaishi wapi.

Usikimbilie kuzisugua sasa hivi. Ngoja kama mwezi mwingine limalize kusinyaa, kisha zisugue kwa tupa laini, kazi ya saa moja hivi. Ukisugua leo utasugua tena Septemba. Wakati huo lilaze kwenye begi na kisahani cha sabuni chenye matundu, ndani weka sponji iliyokamuliwa vizuri. Isiguse mbao.

Uzito hapo huna kesi. Uliomba mninga, umepewa mninga.

Besi ya Tatu

Randa kamaliza la hewa. Sasa mkuu, kabla hatujaongea pesa, pima. Kukoroma kunaweza kuwa jambo la dakika kumi, lakini kuwa chini kwenye freti ya 12 kunaweza kuwa jambo la dakika kumi au kosa la kuchonga, na hayo mawili hayalipwi bei moja.

Anza na shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, angalia pengo kati ya uzi na freti ya 7. Panatakiwa pengo dogo, unene wa vocha ya kukwangua hivi. Kama uzi umelala kabisa, shingo imejipinda nyuma, ndiyo maana inakoroma huko mwanzo. Ndani kuna rodi ya chuma, unailegeza kwa spana ya L robo zungusho, unaacha lipumzike, unapima tena. Ikigoma usilazimishe, hiyo rodi ikikatika utalia.

Halafu freti ya 12. Gusa uzi juu yake bila kubonyeza, utoe ile sauti ya kengele. Kisha bonyeza hapo hapo, upige. Kwenye tyuna, kile kipima noti, zote mbili zinatakiwa zilingane. Noti ya kubonyeza ikiwa chini, uzi ni mrefu mno kule nyuma, sogeza kile kipande kinachobeba uzi kuelekea shingoni kwa bisibisi. Ikiwa juu, kirudishe nyuma.

Kama umevisogeza vyote mpaka mwisho na bado iko chini, chukua rula ya chuma. Freti ya 12 ni nusu ya njia. Pima toka kifupa cha kichwani, pale nyuzi zinapoanzia, mpaka hapo, halafu toka hapo mpaka uzi unapokaa darajani. Kwa uzi mwembamba vipimo hivyo viwili hukaribia kulingana, uzi mnene huongezwa milimita 2 au 3. Mlikubaliana urefu gani?

Solo wa Nkuhungu

Milimita 648. Nipo kazini, nikirudi napima.

Zeze la Babu

Wanangu, nami nisalimie. Nimekulia Chamwino, mikononi mwa wapiga zeze. Hilo la kukoroma limenichekesha. Kwenye ilimba yetu, ala ya vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba, mlio ule wa kuzizima tunautafuta kwa makusudi, mafundi hutoboa tundu kwenye kisanduku na kuliziba kwa utando wa buibui ili itetemeke. Isipozizima, mzee anakurudishia ala yako anakwambia haijakomaa. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, alizunguka dunia na sauti hiyo hiyo.

Ila kibuyu cha zeze hakijui Dar. Kimeota huku, kimekauka huku, kinapigwa huku.

Solo wa Nkuhungu

Shikamoo mzee. Mwalimu wetu wa kwaya angekuwa na roho yako ningekuwa nimelala.

Nimepima. Shingo ilikuwa imelala kweli, nimelegeza rodi robo, nikaacha saa mbili, kukoroma kumepungua sana. Kumbe!

Rula: toka kifupa mpaka freti ya 12 ni 324. Toka hapo mpaka darajani uzi mwembamba ni 331, mnene ni 333, na vile vipande nimevisukuma mbele mpaka vimegota. Tyuna inaonyesha senti kama 15 chini kwa ule mwembamba.

Besi ya Tatu

Basi hilo ndilo tatizo lako. Freti ziko mahali pake, daraja limefungwa nyuma kama milimita 7. Noti hadi noti inayofuata ni senti 100, kwa hiyo 15 sikio la mwalimu wa kwaya lazima lizinase. Hili hutalizoea hata ukipiga miaka ishirini, na halihusiani na kuchongwa kwa mkono. Kuna watu duniani wanachonga gitaa kwa mkono na bei yake unanunua bajaji.

Habari njema ni kwamba linarekebishika. Daraja linafunguliwa, matundu yanazibwa kwa vijiti vya mbao ngumu, yanatobolewa upya mbele. Mengi yatafichwa na daraja lenyewe.

Macho Kodo

Hapo mmepima urefu tu. Mimi ningeuliza kama huo ni mpingo kweli. Watu wanapaka rangi ya viatu kwenye ubao wowote. Chukua pamba, tia thina, futa. Ikitoka nyeusi umepigwa.

Solo wa Nkuhungu

Nimefuta. Pamba imetoka na rangi ya kahawia nzito. Nimeishiwa nguvu.

Randa na Patasi

Subiri, usimvunjie mtu jina kwa pamba. Mpingo halisi nao huachia rangi ukiufuta kwa thina. Chukua wembe, kwangua kidogo sana kwenye ukingo wa mwisho wa ubao, kule karibu na pikapu, pasipoonekana. Rangi ya juu ina unene wa karatasi tu. Chini ukikuta wekundu au ukahawia mwepesi, hapo ongea. Ukikuta weusi unaendelea, ni wenyewe. Ungekuwa na kipande kilichokatwa ningekwambia ukitie kwenye ndoo ya maji, mpingo mkavu unazama.

Solo wa Nkuhungu

Weusi mpaka ndani. Macho Kodo umenipandisha presha bure, lakini nashukuru sasa nina uhakika.

Oda Mkononi

Mimi nachonga vitanda na makabati, nitaongea upande wa mafundi maana humu hana wa kumsemea. Mkuu, ulibadilisha oda mara ngapi? Jibu kweli.

Solo wa Nkuhungu

Rangi mara mbili. Na nilianza na pikapu tatu nikarudi mbili.

Oda Mkononi

Ee. Na vipimo mliandika wapi?

Solo wa Nkuhungu

Kwenye WhatsApp, vingine kwa sauti.

Oda Mkononi

Basi miezi mitano mmechangia wote wawili. Kila mteja akibadilisha rangi, kazi inashuka chini ya foleni, nyingine zinapita. Daraja ni lake, sibishi. Ila ukimwandikia usianze na miezi mitano, mtaishia kubishana huko. Anza na milimita 7, rula haina mdomo.

Dada Madai

Kaka, kisheria uko vizuri kuliko unavyodhani. Makubaliano ya mdomo na ya meseji ni mkataba, Sheria ya Mikataba, Sura 345, haidai muhuri. Ukinunua kitu kwa maelezo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 214, inataka kifanane na maelezo. Na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, meseji zinakubalika kama ushahidi. Kwa hiyo usifute kitu, hamisha na zile sauti, tunza meseji za miamala yote mitatu.

Lakini ukifungua shauri, mdaiwa yuko Dar, huenda ukalifuata huko. Hesabu nauli, siku za kazi, maahirisho. Kwa 600,000 utakuwa umeila yote ukiwa kwenye benchi. Shika hiyo 250,000 vizuri, maana ndiyo nguvu yako. Usimwambie silipi. Mwambie salio lako lipo, nitalitoa siku nitakapopima mbele yako na tyuna ikikubali. Mpe tarehe, na iandikwe. Mkionana, andikeni karatasi moja yenye saini zenu, na kila mtu aje na shahidi wake.

Na usiruhusu fundi mwingine aliguse lile daraja kabla huyo wa Dar hajajibu. Akishaliona limefunguliwa atasema wewe ndiye uliyelisogeza.

Solo wa Nkuhungu

Wakuu, mrejesho.

Nilimtumia video ya rula na tyuna, bila neno la hasira hata moja, Oda Mkononi ungejivunia. Alikaa kimya siku mbili. Jana usiku akapiga. Akasema lile daraja la kwanza halikutoka bandarini, akachukua la aina nyingine ili animalizie, akalifunga kwa kufuata kibao cha mfano cha lile la zamani. Hili jipya vibebea nyuzi vyake vinakaa nyuma zaidi, na kumbe hakupima tena. Alisema mwenyewe, "hapo nilikukosea kaka." Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nikabaki sina la kusema.

Tumekubaliana hivi, na yako kwenye maandishi: Jumamosi nashuka na treni ya umeme, anahamisha daraja nikiwepo. Nauli ya kwenda ni yangu, ya kurudi yake. 250,000 anapewa tyuna ikikubali nyuzi zote sita. Ncha za freti nimemwambia aziache, Randa atanisugulia Septemba, kama bei yake si ya Kariakoo.

Randa na Patasi

Njoo tu. Akiziba matundu ya zamani simamia, azibe kwa vijiti vya mninga na gundi. Akichanganya gundi na unga wa randa akasema imetosha, mwambie afukue. Skrubu ya jirani itacheza.

Besi ya Tatu

Na nyuzi mpya nenda nazo. Kupima kwa nyuzi kuukuu mtabishana na kutu.

Solo wa Nkuhungu

Nimeandika yote.

Yule wa Kariakoo

Likishatengenezwa, unaliuza bei gani?