Trouble in Paradise (1932): wizi wa mezani hauonekani, mbona unachekesha?

Mkasi_Butu
Wakuu, naandika filamu fupi ya dakika 6. Wezi wawili wa vito, kila mmoja anajifanya tajiri, wanakutana kwa chakula cha usiku wakiibiana. Kielelezo changu ni lile onyesho la hoteli ya Venice katika filamu hii ya mwongozaji Ernst Lubitsch, Herbert Marshall akiwa Gaston na Miriam Hopkins akiwa Lily. Rasimu yangu iko hivi: mkono unaingia mfukoni, uso wa anayeibiwa, mkono unatoka na kitu. Kila kitu kinaeleweka ila hakichekeshi hata kidogo. Nimekosea wapi?

Bawaba
Umekosea kwenye huo mkono. Mtazamaji akiuona ukiingia mfukoni, anaanza kujiuliza kama mwizi atanaswa. Hiyo ni hofu, na hofu inafaa filamu ya ujambazi. Lubitsch anakunyima tendo lenyewe, anakuonyesha kitu kikiwa tayari kimehama, hesabu unaipiga mwenyewe. Kicheko kinatoka kwenye hesabu hiyo.

Fuata mpangilio wake. Anayeanza ni Lily. Anamwambia "baroni" wake, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba yeye baroni ni mwizi na ndiye aliyemwibia mgeni wa vyumba 253, 255, 257 na 259. Kisha anaomba chumvi. Gaston anampa, anauliza kama anataka na pilipili. Ndipo naye anamjibu, kwa adabu ileile, kwamba Lily pia ni mwizi na waleti (pochi) ya mgeni yule, aliyoiiba Gaston, sasa anayo Lily. Anasimama, anafunga mlango, anavuta mapazia, anamwinua Lily kitini na kumtikisa mpaka waleti inadondoka. Wanarudi kukaa.

Baada ya hapo mwendo unakuwa wa haraka. Gaston anarudisha pini ya kifuani ya Lily na kulisifia jiwe lake moja. Lily anauliza ni saa ngapi. Gaston anajipapasa, saa hana. Lily anaitoa na kumwarifu kuwa ilikuwa nyuma dakika 5, ameshairekebisha. Mwisho ni mkanda wa soksi wa Lily, na huo Gaston anaomba abaki nao.

Angalia vitu vinavyosogea: waleti ni mali ya mtu wa tatu, pini iko juu ya nguo, saa iko mfukoni, mkanda uko mguuni. Kila hatua inakaribia ngozi. Ukianza na mkanda utakuwa umemaliza maneno mapema. Ukirudisha vyote navyo, umefuta tamko la mapenzi, kwa sababu ni kile kisichorudishwa kinachomfanya Lily amrukie mapajani.

Tikiti_Mbili
Bawaba kamaliza upande wa uandishi. Mimi naongezea upande wa kupiga picha, maana wizi usioonekana una gharama yake: lazima wewe mwenyewe ujue umefanyika sekunde gani.

Chora jedwali la safu tatu: kitu, kiko kwa nani, tangu shoti (kipande kimoja cha picha) ya ngapi. Mpe nakala mtu wa mavazi. Kosa linalojirudia ni mnyororo wa saa. Kwenye shoti ya 4 bado unaning'inia kwenye kizibao, na kwa mujibu wa hadithi saa ilishaondoka shoti ya 2. Anayeitazama filamu mara ya kwanza hataona, wa mara ya pili atakushika, na filamu za namna hii hutazamwa mara ya pili kwa ajili hiyohiyo ya kusaka. Vaa saa isiyo na mnyororo, yaishe.

Wape pia sababu ya kugusana. Kumbatio moja linatosha kuhalalisha vitu viwili. Gaston mwenyewe anakiri alihisi waleti ikichomolewa, ilimtekenya, ila kumbatio lilikuwa tamu.

Waleti isiwe tupu. Ijaze karatasi ipate uzito, vinginevyo itaanguka kimya na mwigizaji atalazimika kuitazama ndipo tujue imeanguka. Na ikae ndani ya vazi, imeshikwa kwa mkunjo tu. Ukiibana kwa pini utamtikisa dada wa watu mpaka nywele zifumuke na hakuna kitakachotoka.

Kengele_ya_Tano
Huwa inasemwa kwamba Lubitsch alificha mambo kwa kuogopa wadhibiti wa filamu. Kwa filamu hii siyo hivyo. Kanuni za maadili za Hollywood ziliandikwa 1930 lakini zilianza kubana kweli katikati ya 1934. Filamu ya 1932 iliwaacha wezi waondoke zao bila adhabu, ndiyo maana mwaka 1935 ilinyimwa kibali cha kuonyeshwa upya. Kuficha kulikuwa ufundi wa vichekesho.

Linganisha na Desire (1936), iliyoongozwa na Frank Borzage, Lubitsch akiwa mtayarishaji. Hapo kanuni zimeshika kasi, na Marlene Dietrich, anayeigiza mwizi, hana budi kurudisha mkufu wa lulu aliouiba. Lakini mbinu ya wizi wake inakufaa, kwa kuwa ni kinyume cha ile ya mezani. Kwa sonara anajitambulisha kuwa mke wa daktari wa magonjwa ya akili, anataka lulu zipelekwe kwa daktari na bili ilipwe hukohuko. Kwa daktari anajitambulisha kuwa mke wa sonara, na mumewe ana wazimu wa kudai watu bili. Anawakutanisha, anachukua lulu, anaondoka. Kadiri sonara anavyodai haki yake, ndivyo daktari anavyozidi kuamini kuwa ni mgonjwa.

Katika Desire tunajua zaidi ya wahusika. Venice wao wanajua zaidi yetu. Katika dakika 6 chagua moja.

Mkasi_Butu
Nabaki na meza. Swali la mwisho: kule kufunga mlango na mapazia nikukate? Kunakula sekunde 20 na hakuna anayeongea.

Bawaba
Usiguse. Mwanamume akifunga mlango usiku, mtazamaji anatarajia ama ugomvi ama mapenzi, na zile sekunde za kimya ndizo zinazomfanya atarajie vyote viwili. Ukizikata, kutikiswa kwa Lily kunakuwa ukatili mtupu. Piga kwa shoti pana moja, Lily abaki kwenye fremu akiendelea kula.