Nimeingizwa kwenye kesi ya dawa ya nywele huku Marekani, niendelee au niachane nayo?

MamaNeema_HTX
Habari za jioni wanajukwaa. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Marekani au mnaojua sheria za huku, maana usingizi umenipaa.

Nipo Houston, Texas. Nywele nimeanza kuweka dawa tangu namaliza kidato cha nne Dar, na huku nikaendelea kujiwekea mwenyewe nyumbani kila nywele mpya zikiota. Novemba 2023 nilitolewa kizazi. Nina mtoto mmoja. Hapo sina la kuongeza.

Juzi juzi nikaona tangazo kwenye simu: kama uliweka dawa ya nywele ukapata matatizo ya kizazi, unaweza kulipwa fidia. Nikajaza jina na namba. Sijakaa sawa, wakapiga. Wanasema kesi ni kubwa, iko Chicago, wanawake waliomo ni zaidi ya 10,000, na mimi sitoi hata senti mpaka tushinde. Swali langu ni dogo tu: kesi ya namna hii huchukua muda gani hadi watu walipwe, na mtu hupata kama kiasi gani? Mume wangu ameshaanza kupiga mahesabu, mimi moyo unasita. Natanguliza shukrani.

Shangazi wa Tabora
Pole sana mwanangu. Lakini ukweli tuuseme. Bibi zetu walisuka, walipaka mafuta ya nazi, wakazaa watoto kumi. Sisi tukaona nywele zetu ni aibu. Kitu kinachochoma ngozi ya kichwa hadi inatoa maji, tulitegemea kitatuacha salama? Kwanza tubu, halafu ndiyo udai.

Ngosha Mtulivu
Shangazi, atubu kwani ameiba? Dada, fidia ikitoka usitusahau, hata soda mojamoja.

Fundi Saluni Mbezi
Shangazi usimlaumu. Mimi nimepaka watu dawa miaka na miaka, najua. Mteja analia "naungua, nioshe", sisi tunamwambia "vumilia kidogo zinyooke". Tunampaka mafuta ya mgando kwenye paji na nyuma ya masikio tukidhani ndiyo kinga. Kesho yake anakuja kutuonyesha foronya imegandia kichwani. Na dawa yenyewe tulikuwa tunachota kwenye kopo kubwa, likiisha tunanunua jingine Kariakoo, la kampuni yoyote iliyopo siku hiyo. Mteja hajui amepakwa nini. Mimi mwenyewe gloves zikitoboka naendelea na kazi. Siku hizi nasuka tu. Dada, mimi nasema dai haki yako.

Karani wa Minnesota
Dada MamaNeema, pole. Mimi ni karani kwenye ofisi ya mawakili huku Minnesota. Si wakili, kwa hiyo nichukulie kama ndugu anayeshinda na mafaili ya namna hii.

Kesi ipo kweli. Oktoba 17, 2022 ulitoka utafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani. Wanawake 33,497 walifuatiliwa kwa karibu miaka 11, na 378 kati yao wakapata saratani ya mji wa mimba. Kwa asiyetumia kabisa dawa za kunyoosha nywele, uwezekano wa kuipata kufikia umri wa miaka 70 ulikadiriwa kuwa asilimia 1.64. Kwa aliyetumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05. Siku nne tu baadaye mwanamke mmoja wa Missouri, aliyeugua saratani hiyo akiwa na miaka 28, akafungua kesi mahakama ya shirikisho Chicago. Kesi moja. Lakini hati yake ikawa kama ramani: nani wa kushtakiwa, kwa hoja zipi, kwa ushahidi upi. Ofisi nyingine za mawakili zikaisoma, matangazo yakaanza, kesi zikafunguliwa majimbo mengine.

Zikishazagaa hivyo, kuna jopo la majaji saba, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1968, ambalo kazi yake ni kuamua kama kesi zinazofanana zipelekwe kwa jaji mmoja kwa maandalizi. Hizi za nywele zilipelekwa kwa Jaji Mary Rowland wa Chicago Februari 2023. Tangu hapo mdai mpya haandikiwi kesi upya. Hati kuu ni moja, yeye anajaza fomu fupi: anaishi wapi, alitumia dawa gani, tangu lini, aliugua nini. Hapo ndipo idadi ikapaa, maana kumwingiza mtu kumekuwa kazi ya dakika chache na simu moja.

Ila shika hili. Mpo elfu kumi kwa jaji mmoja, lakini kila faili linabaki la mwenyewe. Hakuna anayebebwa na mwenzake. Kampuni zinakana, mvutano wa kisayansi unaendelea, na pale Chicago mpaka leo hakuna hata moja iliyofika mbele ya juri, yaani wale raia wanaoketi mahakamani kuamua kesi. Anayekutajia kiasi cha pesa sasa hivi anabuni.

Sasa nikuulize. Umesema ulitolewa kizazi, hujasema kwa nini. Daktari aliandika ugonjwa gani?

Njeri254
Mimi niko Nairobi, hizo dawa nilipakwa tangu darasa la tano. Huku hatuwezi kujiunga? Nitumieni hiyo linki.

MamaNeema_HTX
Asante Karani, umenifumbua macho. Ni matatizo ya kizazi, nadhani nimeeleza. Za Dar sizijui majina kama alivyosema Fundi, lakini huku nimenunua boksi la aina moja tu dukani na la mwisho bado ninalo bafuni. Hilo la chapa lisikusumbue. Mimi nilitaka kujua muda.

Mwana Mwembechai
Muda? Tazama poda ya watoto ya Johnson & Johnson, ambayo sote hapa tulipakwa. Mwaka 2013 kule Dakota Kusini juri ilisema kampuni ilizembea kumtahadharisha mama mmoja mwenye saratani ya mfuko wa mayai, halafu ikampa fidia ya sifuri. Hata dola moja. Mwaka 2016 juri ya St. Louis, Missouri, ikaipa familia ya marehemu mmoja dola milioni 72. Mwaka uliofuata hukumu ikafutwa, kwa kuwa marehemu alikuwa wa Alabama na kesi ilifunguliwa Missouri. Kwa hiyo pesa hawakupata, lakini ile namba ya 72 ilishatembea kwenye televisheni nchi nzima na simu za mawakili hazikupumzika. Mwaka 2018 wanawake 22 wakapewa dola bilioni 4.69, rufaa ikashusha hadi kama bilioni 2.1, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikakataa kuigusa. Kampuni ikajaribu mara tatu kuyapeleka madai kwenye mahakama ya ufilisi. Mara ya tatu imekwama mwaka huu wa 2025, hapo hapo Houston kwa dada. Mpaka leo makumi ya maelfu wanasubiri, na wengine wamekufa wakisubiri.

Mama yangu alitupaka poda hiyo shingoni kila jioni kabla ya kwenda madrasa. Harufu yake naijua hadi leo. Nikisoma mambo haya nakasirika sana.

Karani wa Minnesota
Mwembechai yuko sahihi, na hesabu hiyo ni ya kesi zilizofanikiwa. Zipo zilizokufa kwa siku moja. Zile za dawa ya kiungulia ya Zantac zilikusanywa Florida, na Desemba 2022 jaji akasema ushahidi wa wataalamu wa wadai hauaminiki. Maelfu ya madai ya mahakama za shirikisho yakaporomoka pamoja. Wanaoingia pamoja kwa jaji mmoja wanaweza pia kutolewa pamoja.

Njeri, mtu aliyenunua na kuumia nje ya Marekani huwa anaambiwa na mahakama za huku akadai kwao. Na kwenu Kenya, kama Tanzania, madai ya madhara ya aina hii yana ukomo wa miaka 3. Muone wakili wa hapo, achana na linki.

MamaNeema, "matatizo ya kizazi" si jibu. Ukishindwa kutuandikia sisi tusiokujua, kwenye fomu ya kiapo utaandikaje?

MamaNeema_HTX
Haya. Ni faibroidi, ule uvimbe wa kwenye kizazi. Zilikuwa nyingi, damu haikatiki, nikaongezewa damu mara mbili, mwisho wakasema kizazi kitoke. Walipopima maabara wakaandika hakuna chembe za saratani. Nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa yule binti wa kwenye simu alipojaza fomu aliweka alama kwenye saratani ya mji wa mimba. Nimegundua baada ya kuweka sahihi kwa kidole kwenye simu. Nilipomuuliza akasema hiyo ni ya kufungulia faili tu, mbele huko kila kitu kitarekebishwa, na faibroidi peke yake siku hizi ofisi haizipokei. Mkataba ni asilimia 40 kwao.

Msinihukumu. Sijaandika mimi. Na kizazi changu kimetoka kweli, si cha kusingizia. Nyumba ya mama Kibaha imeishia kwenye linta, ada ya Neema inanisubiri, na kampuni zile zimeuza mabilioni kwa vichwa vyetu. Hivi nikikaa kimya nani atanipa tuzo?

Shangazi wa Tabora
Mwanangu, uongo wa kuandikiwa na mtu mwingine ukiuwekea sahihi ni wa kwako. Hapo sina utani.

Jicho Kali
Wakuu, hii ni chai. Someni vizuri. Kwanza kizazi, halafu boksi bafuni, halafu saratani, halafu si saratani, halafu nyumba Kibaha. Kila akibanwa anatoa kipande kipya. Na mwangalieni Njeri, ameshaomba linki. Mnajua hizo ofisi zinanunua majina? Kuna watu kazi yao ni kukusanya wanawake mitandaoni na kuuza orodha kwa mawakili, kila jina lina bei. Huyu ni dalali. Subirini atasema "njoo inbox".

Ngosha Mtulivu
Jicho Kali umenishtua. Hata mimi nilijiuliza mbona amejiunga mwezi huu.

Njeri254
Sasa mimi ni dalali pia? Niliuliza kwa sababu dadangu ana hizo faibroidi. Mko na roho ngumu.

MamaNeema_HTX
Nimejiunga mwezi huu kwa sababu nilitafuta mahali pa kuuliza kwa lugha yangu. Linki sijampa mtu na sitampa. Nimepandisha picha mbili. Ya kwanza ni boksi, mnaona kona imelowa na kukauka, na kijiko cha plastiki bado kimo ndani. Ya pili ni ripoti ya maabara, jina na hospitali nimefunika, tarehe nimeacha. Anayetaka kuita chai aite, lakini ule mshono wa tumboni naulalia mimi.

Fundi Saluni Mbezi
Boksi hilo nalijua, kijiko hicho nimekishika sana. Jicho Kali mwombe radhi dada wa watu.

Jicho Kali
Ripoti nimeiona. Radhi kwa kumwita dalali. Ila hoja yangu ibaki: aliyempigia simu ni dalali.

Karani wa Minnesota
Hapo Jicho Kali hajakosea. Mara nyingi anayepiga si ofisi ya wakili, ni kituo cha simu kinacholipwa kwa kila jina. Kwake kazi inaishia kwenye sahihi yako.

Dada, sikiliza. Ile fomu ni mwanzo tu. Baadaye utatakiwa kujaza dodoso refu chini ya kiapo na kutoa ruhusa ya mafaili yote ya hospitali. Ripoti yako itasema faibroidi, kiapo chako kitasema saratani. Ofisi itakutupa mkono na utabaki wewe. Kampuni zinatafuta mafaili kama hayo, kwa sababu moja bovu linawasaidia kumwambia jaji kwamba elfu zote ni za kupikwa. Watakaoumia ni wale wenye saratani.

Na wewe huna mikono mitupu. Mwaka 2012 ulitoka utafiti wa wanawake Weusi zaidi ya 23,000 uliohusisha dawa hizi na faibroidi. Ule wa 2022 haukuuliza hata chapa za dawa, wewe chapa unayo na boksi unalo. Hoja yako ni nyembamba kuliko ya saratani, lakini ni ya kweli. Tatizo lako ni saa. Texas madai ya madhara ya mwili yana ukomo wa miaka 2. Mawakili wanaweza kubishana ilianza kuhesabika lini, wewe usiutegemee ubishi huo. Ukihesabu kutoka kwenye upasuaji, ni Novemba hii.

Waandikie barua pepe leo, usipige simu. Andika hivi: "Sijawahi kuugua saratani. Fomu imekosewa. Naomba irekebishwe isomeke faibroidi, na mnijibu kwa maandishi kama mnaendelea na mimi." Ambatanisha ripoti. Boksi lifunge kwenye mfuko, usilioshe.

MamaNeema_HTX
Na wakinikataa? Mume wangu anasema nikae kimya, wao ndio mawakili na wanajua wanachofanya. Mimi naona na yeye ana hoja.

Shangazi wa Tabora
Mume wako ndiye atakayeapa?

MamaNeema_HTX
Mrejesho. Niliandika kama alivyosema Karani. Siku mbili kimya, halafu ikaja barua ya wakili mwenyewe, si yule binti. Faili limefungwa, fomu haikuwa imepelekwa mahakamani, na mkataba umevunjwa bila deni. Mume wangu hasemi na mimi vizuri. Boksi na ripoti vipo. Nahitaji wakili anayekubali kusoma habari ya faibroidi, Houston au karibu, kabla ya Novemba.

Karani wa Minnesota
Hiyo barua itunze. Kesho asubuhi piga chama cha mawakili cha Texas, wana huduma ya kumuunganisha mtu na wakili. Faibroidi waitaje kwenye sentensi ya kwanza na tarehe ya upasuaji kwenye ya pili. Anayekukatalia, mwombe akukatalie kwa maandishi siku hiyo hiyo, upige kwa mwingine.

Njeri254
Dada, ukimpata mmoja mwulize pia kuhusu wale walioanza utotoni. Dadangu anapigwa picha ya kizazi wiki ijayo.