Yule wa "chukua tu, ni zawadi" amenitukana mbele ya baba mkwe

SimbaWaKatindo
Mnamjua. Sitaji jina. Yule wa kofia nyekundu, kila mtu anamshika bega: "Chukua tu, ni zawadi."

Mwaka jana alinipa kipande cha tumbawe, ile nyota ya kijani, kidogo kama kifuniko cha soda. Hakusema iwekwe kwenye jiwe la peke yake, mbali na mengine. Alisema tu "inapenda mwanga." Kweli inapenda. Inapenda na mawe, na kioo, na bomba la pampu. Ule mkeka wake wa zambarau umetambaa kuliko lava ya Nyiragongo ya 2021, na lava angalau iliheshimu uwanja wa ndege ikasimama.

Leo anaingia kwangu, baba mkwe ameketi na chai yake. Anainama kwenye akwariomu, anasema: "Shemeki, hii ni bahari ao ni nyasi za Stade de l'Unité?"

Baba mkwe alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Mzee ambaye siku ya mahari hakuonyesha hata jino moja!

Kisha akatia kidole majini bila kunawa. Nyota zote zikajificha, jiwe likabaki zambarau kama goti lililochubuka. "Zinakuogopa," anasema.

Nyasi za Stade, za uwanja wa mpira! Na chumvi yangu yote ile ya kutoka Dar! Nimebandua huo mkeka kwa kisu mara nne. Ukibakisha kipande cha ukucha tu, unarudi na ukoo mzima. Nyasi za Stade, akishika kikombe CHANGU!

MamaChumvi
Nimekufa 😂😂 Mechi inaanza saa ngapi?

YayaHimbi
Kadogo, mwaka mzima ulikuwa unaangalia nini? Yangu iko kwenye jiwe moja katikati ya mchanga. Ikianza kushuka, nakata. Kisu unacho.

SimbaWaKatindo
Yaya, sikuuliza hayo. Nimesema mbele ya BABA MKWE.

KuraniIrudi
Shukuru kwako kitu kinaota. Kwangu kurani, umeme huo, ilikatika juzi usiku, asubuhi pampu kimya, samaki wawili wanaelea tumbo juu. Nyota ya kijani? Imefunguka vizuri kabisa, inanichekelea.

Majengo_Boy
Mimi alinipa Xenia, tumbawe jingine, ile inafumba na kufumbua kama mkono wa mtoto anayeomba bonbon. Ilikuwa moja. Sasa nina mikono kama mia inaniomba bonbon. Kofia nyekundu, sivyo?

MamaChumvi
Ndiye 😂

PapaKivu
Tieni sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, ndani, watakula hiyo majani.

YayaHimbi
Papa, kwanza si majani, ni mnyama. Pili, sambaza ni wa maji baridi. Na wao wenyewe waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakajaa ziwa zima, na hakuna aliyefungua uzi kulia.

PapaKivu
Kwa sababu hao tunakaanga! Lakini mmeona bei sokoni Kituku? Na yule mama anapimia kopo limebonyea chini, unafika nyumbani sambaza hawajazi hata sahani.

KuraniIrudi
Wa kitenge cha manjano??

PapaKivu
Huyo huyo!

MamaChumvi
Mimi aliniwekea wa jana chini, wa leo juu. Nikirudi kesho atanijua.

SimbaWaKatindo
Jamani, uzi wangu

Majengo_Boy
Ngoja kwanza. Mama, kopo lake ni lile dogo ao lile kubwa?