Every Loser ya Iggy Pop kwenye santuri: mashine ya zamani itaifaa?

Mwana_Ilala:
Wakuu, habari za jioni. Binamu yangu karudi kutoka Uingereza kaniletea Every Loser, ile albamu ya Januari 2023 ya Iggy Pop, mwimbaji mkongwe wa punk, ile rock ya fujo, santuri mpya kabisa, bado iko kwenye nailoni. Sijathubutu kuifungua. Mashine niliyonayo ni ya marehemu baba, ile ya sanduku ambayo kifuniko ndicho spika. Miaka yote imepiga rumba na taarabu, na santuri zake karibu zote zinakwaruza. Kwenye simu naipata, najua, lakini jalada kachora Raymond Pettibon, yule wa nembo ya milia minne ya bendi ya Black Flag, na babu Iggy mwenyewe alikuwa na miaka 75 alipoitoa na bado anafoka vile. Nataka nimsikie kwenye spika. Nipige au niache?

Chura_wa_Jangwani:
Mkuu, punk gani hiyo ya kuogopa mkwaruzo? Chana nailoni, weka sindano.

Fundi Spika:
Msimcheke, ana hoja. Mwana_Ilala, inama uangalie chini ya mkono wa sindano. Mashine nyingi za sanduku zina sindano mbili mgongo kwa mgongo, na kijiti kidogo cha kuzigeuza. Upande mmoja umeandikwa 78, yaani santuri za kale zinazozunguka mara 78 kwa dakika, mwingine LP au 33, yaani albamu kama hiyo yako, mara 33 kwa dakika. Ya 78 ni nene, karibu mara tatu ya ile nyingine, haiingii ndani ya mfereji wa LP, inasugua kingo tu. Nimeletewa mashine za wazee ambazo kijiti kimelala upande wa 78 tangu enzi hizo, na mwenye mashine analaumu santuri.

Halafu uzito. Azima mizani ndogo ya sonara, ushushe sindano juu yake taratibu. Za kisasa nyingi zinakandamiza gramu 2 hivi. Ukikuta 5 kwenda juu, hiyo sahani mpya irudi kwenye jalada.

Kuhusu albamu yenyewe: nyimbo 11, mbili kati yake ni vipande vifupi vya kupitishia tu, jumla kama dakika 37. Kila upande hauzidi dakika 20, kwa hiyo mifereji ina nafasi na sauti inaweza kuchongwa kwa nguvu. Frenzy inafungua, besi ya Duff McKagan wa Guns N' Roses na ngoma za Chad Smith wa Red Hot Chili Peppers. Hapo hata sindano mbovu itakudanganya. Mtihani uko kwenye The Regency, wimbo wa mwisho, karibu na karatasi ya katikati, ambako mzunguko umekuwa mdogo na sindano iliyochoka inaanza kuzomea kwenye matoazi. Na matoazi hayo anayapiga Taylor Hawkins, mpiga ngoma wa Foo Fighters, aliyefariki Machi 2022, albamu haijatoka. Mimi singekubali kuyasikia yakizomea.

Mwana_Ilala:
Aisee. Nimeangalia na tochi ya simu. Kijiti kiko 78! Nimegeuza upande wa LP, sindano haipo. Kuna kishina tu.

Chura_wa_Jangwani:
Sawa, nimenyamaza.

Fundi Spika:
Usiipige leo. Chomoa kile kichwa kinachoshika sindano polepole, ubavuni kutakuwa na herufi na namba zimechongwa. Piga picha hapohapo, sindano huagizwa kwa hizo namba. Ukipewa kuchagua kati ya yakuti na almasi, ongeza hela uchukue almasi, yakuti haikai. Na hizo rumba za mzee usizitupe, zioshe kwanza.