Naomba ushauri: tangi la chuma lililoliwa na kutu, nibandike faibaglasi ndani?

Wakuu, habari zenu. Nina tangi la chuma la maji ya kunywa. Kuta bado nzima, ila kutu imekula sakafu na mshono wa chini. Ukigonga kwa nyundo magamba yanadondoka, na kuna mahali mwanga unapenya kabisa. Fundi anataka asugue kwa brashi ya waya tu, kisha abandike faibaglasi (mkeka wa nyuzi za kioo) kwa rezini ya poliesta, yaani gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu. Nasita. Bila kupiga mchanga kwa mashine ya upepo hadi chuma king'ae, si itabanduka? Halafu poliesta isipoganda vizuri, maji hunuka stairini, kemikali iliyomo kwenye rezini hiyo. Mimi naelekea epoksi, rezini ya aina nyingine, iliyoidhinishwa kwa maji ya kunywa.

Aliyewahi kufanya: matundu niyachomelee bamba kwanza, au tabaka za faibaglasi zinatosha? Na mnazuiaje unyevu usirudishe kutu kabla ya kupaka?