Mrejesho: kromosomu homologasi, nimezielewa kupitia selimundu

Wakuu, niliuliza tofauti ya kromosomu homologasi na kromatidi dada (kromosomu ni nyuzi za DNA ndani ya seli, zinazobeba jeni), na kwa nini wazazi wasioumwa hupata mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu. Ahsanteni sana. Ushauri wa kufuatilia kromosomu moja tu badala ya kukariri zote ndio ulionifungua.

Nilichukua namba 11. Kila mtu anazo mbili, moja ya baba na moja ya mama. Hizo ndizo homologasi: zina jeni zilezile kwa mpangilio uleule, ila aleli, yaani matoleo ya jeni hizo, zinaweza kutofautiana. Jeni ya beta-globini, sehemu ya himoglobini ya damu, iko hapo. Mwenye aleli A (ya kawaida) kwenye moja na S (ya selimundu) kwenye nyingine, jenotaipu yake, yaani jozi ya aleli zake, ni AS. Kwa kawaida haumwi, na hiyo S moja humkinga kwa kiasi na malaria kali, jambo lililonistaajabisha mno. Kromatidi dada ni nakala mbili za kromosomu ileile, iliyojirudufu kabla ya seli kugawanyika.

Kwenye meiosisi, mgawanyiko wa seli unaotengeneza mayai na mbegu, homologasi huachana kwanza, kromatidi hufuata. Kwa hiyo yai au mbegu hubeba A au S, si zote mbili. Wazazi wote wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa 25% kuwa SS, yaani mtoto mwenye selimundu. Kila mimba! Aliyenisisitizia hilo Mungu ambariki, maana mtaani wengi huamini mmoja akishaugua, watatu wanaofuata wamesalimika.

Mimi na mchumba wangu tumekubaliana kupima kabla ya kupanga tarehe ya harusi.